Mkanda Umeungua au Haukuungua: Nilivyopimiwa Filamu kwa Fundi wa Mwanjelwa

Mdogo wangu aliporudi Mbeya kutoka masomoni Ulaya mwezi wa Januari aliniletea zawadi ya mikanda minane ya picha, na siku mbili baadaye, tukiwa jikoni tunakunywa chai, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeungama kwamba minne kati ya hiyo ilisafiri ndani ya begi kubwa lililoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu mkoba wake wa mkononi ulikuwa umezidi uzito. Anayepiga picha kwa simu hataelewa kwa nini nilikiweka kikombe chini. Sikumkaripia, zawadi ni zawadi, na bei ya mkanda mmoja siku hizi inatosha kununua debe la viazi na chenji ikabaki.

Kwa msomaji ambaye hajapata kulifikiria jambo hili, chembe za chumvi ya fedha zilizomo katika utando wa filamu hazijui tofauti kati ya mwanga wa jua na miali ya eksirei. Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua miali hiyo mwaka 1895, sahani za picha zilitumika kuonyesha ilipopita, kwa hiyo si ajabu kwamba mkanda uliofungwa ndani ya kikopo chake cha chuma, ndani ya boksi, ndani ya begi, unaweza kupigwa na kitu ambacho hakuna jicho lililokiona. Mashine za kawaida za kukagua mzigo wa mkononi hutumia kipimo kidogo cha miali, na ndiyo sababu nyingi zilibandikwa tangazo kwamba filamu isiyozidi ISO 800 (kipimo cha kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga) haidhuriki ikipita mara chache. Mashine za mizigo mikubwa zina nguvu zaidi. Zipo pia mashine mpya za CT, ambazo sasa zimeingia hata kwenye ukaguzi wa mkononi katika viwanja kadhaa vya Ulaya na Marekani, na kwa kuwa hizo hukipiga kitu kimoja kutoka pande nyingi, Kodak na Ilford wote huwatahadharisha wateja wao wasipitishe mikanda humo. Isitoshe, madhara hujumlishwa: mkanda uliopita viwanja vitatu hauanzi upya kila kiwanja.

Mikanda iliyokuwa mkononi ilikuwa miwili ya Ilford HP5 Plus, ambayo ni nyeusi na nyeupe ya ISO 400, na miwili ya Kodak Gold 200. Ndani ya begi kubwa kulikuwa na miwili mingine ya HP5 na miwili ya Kodak Portra 800, na huu wa mwisho ndio niliouhofia kuliko yote, kwa kuwa filamu yenye kasi kubwa ndiyo hudhurika upesi.

Mwezi wa Februari nilipandisha hifadhi ya Kitulo kwa njia ya Isyonje nikiwa na HP5 moja ya mkononi kwenye kamera. Maua yalikuwa yamechanua, ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi tangu alfajiri, na nilipiga picha zote 36 kabla ya saa tano. Mkanda niliutuma Dar es Salaam kwa basi, ukasafishwa na kuskaniwa katika studio moja huko, na picha zilizorudi kwenye simu yangu zilikuwa za kijivu kitupu: hakuna cheusi kilichokuwa cheusi, na chembechembe zilitapakaa kama pumba kwenye ungo. Nilipopiga simu kuuliza, kijana aliyepokea hakusita hata kidogo. “Hiyo ni eksirei, dada. Mkanda umeungua uwanja wa ndege.” Nami, nikiwa tayari na mshtakiwa kichwani, nilikubali papo hapo. Negativu zenyewe, yaani mkanda uliosafishwa ambao mwanga na giza vimegeuzana, zilinifikia wiki iliyofuata, nami nikazitia kwenye droo bila kuzitazama.

Aliyenielekeza kwa fundi wa Mwanjelwa ni mwalimu mwenzangu ambaye baba yake aliwahi kuwa mpiga picha wa harusi pale Tukuyu. Chumba cha fundi kiko ghorofani, hatua chache kutoka sokoni, juu ya duka la vitambaa; hakuna kibao, na ngazi ni ya giza kiasi kwamba mteja huanza kuzoea chumba cha giza kabla hajafika. Kazi yake ya kila siku ni picha za pasipoti na kulaminisha vyeti. Nyuma ya pazia jeusi, hata hivyo, ametunza tangi, mfuko wa giza, kipimajoto cha kioo na meza ya mwanga aliyoitengeneza mwenyewe kwa taa za LED na kioo cheupe cha plastiki, na huko ndiko anakosafisha mikanda ya watu wachache waliobaki wakipiga kwa filamu, na kwa anayehitaji, huipima kama imeharibika.

Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza kisa chote nikimalizia na hukumu yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: “Mwanangu, huyo mdogo wako, kule alikopanda ndege, walimwambia atoe kompyuta kwenye mkoba?” Nilimpigia mdogo wangu palepale. Akasema ndiyo, alitolewa kompyuta na vichupa vyake vya losheni akaviweka kwenye trei tofauti, tena alinung’unika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Fundi akaandika kwenye daftari. Alinieleza kwamba mashine za CT huona ndani ya mkoba vizuri kiasi kwamba pengi zilipofungwa abiria haambiwi tena atoe kompyuta, kwa hiyo jibu lile, ingawa si ushahidi kamili, lilielekea kuonyesha kwamba mzigo wa mkononi ulipita mashine ya kawaida. Ninaitaja hatua hii kwa makusudi, kwa sababu haikumgharimu chochote na tayari ilikuwa imeanza kuibomoa kesi yangu.

Kipimo chenyewe ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Fundi hatazami mkanda mmoja na kutoa hukumu, kwa maana ukungu wa filamu, yaani ule weusi hafifu unaoenea kwenye sehemu ambayo haikupigwa picha, hauna sahihi ya aliyeuleta. Joto la dashibodi ya gari huuleta, uzee huuleta, dawa iliyochoka huuleta, na eksirei pia huuleta. Kinachowezekana ni kulinganisha. Alichukua HP5 moja kutoka kwenye friji yake, akakata kwa kupapasa ndani ya mfuko wa giza vipande viwili vya kama sentimita 20; akakata kipande kingine kama hicho kutoka kwenye HP5 yangu iliyosafiri mkononi, na kingine kutoka kwenye moja ya zile za begi kubwa. Alihesabu sentimita hizo kuanzia baada ya ule ulimi unaochomoza nje ya kikopo, kwa kuwa ulimi huo umekwisha kuona mwanga na hautoi ushahidi wowote. Kila kipande alikitia alama kwa kukata kona: kona moja, mbili, tatu, nne. Kalamu, alisema, hailiwezi giza.

Kipande cha kwanza cha friji hakukitia kabisa katika dawa ya kusafishia. Alikitumbukiza moja kwa moja kwenye fiksa, dawa inayoyeyusha chumvi ya fedha ambayo haijasafishwa, ili abakiwe na plastiki tupu na rangi yake ya asili. Vitatu vilivyobaki aliviweka pamoja katika tangi moja, dawa ya D-76 isiyochanganywa na maji, nyuzi 20, dakika saba na nusu, ili yeyote asije akasema kwamba kimoja kilipikwa zaidi ya kingine. Hapa baridi ya Mbeya ni neema. Rafiki zangu wa Dar es Salaam huweka barafu kwenye beseni kuishusha dawa ifike nyuzi 20, ilhali fundi wa Mwanjelwa aliongeza kikombe kimoja tu cha maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ili kuipandisha.

Vipande vilipokauka vilipangwa juu ya meza ya mwanga, na kwa macho matupu nilikiona kimoja tu kuwa tofauti. Fundi hana densitomita, chombo maalumu cha kupima weusi wa filamu, ila ana kamera ya dijitali ambayo huielekeza kwenye meza kupitia tundu la karatasi nyeusi na kusoma kasi ya shata inayopendekezwa, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera ingefunguka. Meza tupu ilisoma 1/500. Kipande cha fiksa peke yake kilisoma 1/320. Kipande cha friji kilichosafishwa, 1/250. Kipande cha mkononi, 1/250, yaani sawasawa kabisa na ndugu yake ambaye hajatoka Mwanjelwa. Kipande cha begi kubwa, 1/160. Kwa wanaopenda tarakimu, kasi inapopungua kwa nusu weusi umeongezeka kwa 0.30, kwa hiyo safari ya tumboni mwa ndege ilikuwa imeiongezea filamu yangu weusi wa takribani 0.20 ambao hakuna lenzi iliyouomba.

Baada ya hapo aliniomba ruhusa ya kuutoa mhanga, mzima mzima, mkanda wa pili wa HP5 wa begi kubwa, kwa kuwa kipande kifupi hakionyeshi umbo la madhara. Nilisita, nikakubali. Mkanda wa picha 36 una urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, na ulipolazwa mezani kwa mafungu niliona kitu ambacho sitakisahau: utepe mpana wa kijivu, umelala mshazari, unaopotea na kurudi, kila unaporudi umekaribia zaidi. Upande wa nje wa mkanda ulirudi baada ya karibu sentimita 7, na kadiri tulivyosogea kuelekea kiini cha kikopo umbali ulipungua hata chini ya sentimita 5. Sababu ni nyepesi mtu akishaielewa: mkanda ulikuwa umeviringwa ulipopigwa, mwali ukapenya mizunguko yote kwa pamoja, na mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Joto haliwezi kuchora kitu kama hicho. Utepe ule ulikatiza pia kwenye matundu ya pembeni na kwenye kingo, mahali ambapo lenzi haifiki kamwe.

Basi, mikanda ya begi kubwa ilikuwa imeungua kweli. Lakini picha zangu za Kitulo zilipigwa kwa mkanda wa mkononi.

Nilirudi siku iliyofuata na zile negativu za kwenye droo. Fundi hakuzitazama picha kwanza. Alitazama nafasi ndogo kati ya picha na picha, na kingo zenye namba za kiwandani. Zilikuwa safi, angavu kama kipande cha friji. Kisha akazitazama picha zenyewe na kuguna. Zilikuwa nyepesi mno, karibu zionekane hewa. Kosa lilikuwa langu. Ukungu wa Kitulo ni mweupe, na kipimamwanga cha kamera hukichukulia kila kinachokiona kuwa kijivu cha wastani, hivyo kilifunga mwanga ambao kilitakiwa kuuachia. Nilipaswa kuuachia mwanga angalau mara mbili, pengine karibu mara tatu. Mashine ya kuskani ya Dar es Salaam ilipokutana na negativu nyepesi kiasi kile ililazimisha mwanga utokee pasipokuwa na kitu, ikaokota chembechembe na kijivu. Kumbe nilikuwa nimeshindwa na ukungu wa mlimani, nikausingizia ukungu wa kiwanja cha ndege.

Sina budi kusema kwamba njia yake ina upungufu mmoja wa msingi, nami nilimwambia. Hatuna kiwanda cha filamu nchini, kwa hiyo mkanda wake wa friji, anaoufanya kuwa shahidi asiye na doa, nao ulivuka bahari au anga kabla ya kufika Mwanjelwa. Shahidi naye amesafiri. Isitoshe, namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye boksi lake haikuwa sawa na ya maboksi yangu, na matoleo mawili ya filamu ileile yanaweza kutofautiana kidogo. Hakujitetea. Alikionyesha kile kipande cha fiksa na kusema kwamba ndiyo maana hukiweka: kikikaa karibu na kipande cha friji, shahidi hakuguswa sana, kikikaa mbali, shahidi naye anafukuzwa mahakamani. Kwangu hilo lilitosha.

Kwa upande wa rangi huduma yake si ya kiwango hichohicho, na haitakuwa haki nikinyamaza. Kipande cha Portra 800 kilisafishwa Jumamosi, siku pekee anayoitenga kwa mikanda ya rangi, na hiyo ni iwapo imefika mikanda minne. Dawa ya C-41 inataka nyuzi 37.8 na haivumilii mzaha, kwani muda wake katika dawa ya kwanza ni dakika tatu na robo tu. Yeye hupasha maji kwa hita ya umeme katika beseni, na siku hiyo umeme ulikatika katikati ya kazi. Kipande changu kilitoka na michirizi upande mmoja, na ingawa msingi wake wa rangi ya chungwa ulionekana mzito kuliko kile alicholinganisha nacho, hakuna kati yetu aliyeweza kusema kwa uhakika kiasi gani ni eksirei na kiasi gani ni maji yaliyopoa. Alinirudishia fedha ya kipande hicho bila kuombwa. Bado ningependa awe na stovu ya mkaa pembeni.

Kwa Gold 200 alikataa kabisa kupokea fedha yangu. Ikiwa HP5 ya ISO 400 iliyokuwa kwenye mkoba uleule imetoka salama, alisema, ya ISO 200 haina sababu ya kupimwa, na kukata vipande vyake ni kupoteza picha tano za kila mkanda bure. Nimezoea mafundi wa simu wanaofungua kila kitu ili bili irefuke, kwa hiyo neno hilo lilinigusa.

Gharama zilikuwa hivi: kipimo cha vipande vinne vya nyeusi na nyeupe, shilingi 20,000, na kuusafisha mkanda wa mhanga, shilingi 12,000. Muda ulikuwa siku tisa, ingawa aliahidi nne, na simu zangu mbili za kuuliza hazikupokelewa. Risiti nililazimika kuiomba. Hatoi taarifa ya maandishi. Vipande hukabidhiwa katika bahasha ya kaki, kila kimoja kikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, na mteja mwenyewe ndiye anayepaswa kukumbuka maelezo. Mimi nilinakili tarakimu zake kwenye daftari langu papo hapo, na namshauri kila atakayekwenda afanye hivyo. Hana huduma ya kuskani inayostahili kuitwa hivyo: picha nilizopewa zilikuwa ndogo na zenye vumbi, hivyo negativu ninazozipenda bado nitazituma kwingine.

Nilimuuliza kama kuna dawa ya kuuondoa ukungu wa eksirei wakati wa kusafisha. Alisema zipo dawa za kuzuia ukungu ambazo husaidia kiasi kwa mikanda iliyozeeka, lakini chembe iliyopigwa na eksirei imebeba alama ileile inayobebwa na chembe iliyopigwa na mwanga, na dawa haiwezi kuchagua imwache yupi. Alichoshauri kwa HP5 moja iliyobaki ya begi kubwa, ambayo imepungua picha tano alizozikata, ni kuipiga kama kwamba ni ISO 200, ili vivuli vipate mwanga wa kutosha kukaa juu ya ule weusi ulioongezeka, na kuitumia kwenye vitu vyenye mwanga mkali na vivuli vikali, wala si ndani ya kanisa au kwenye ukungu. Nilifanya hivyo Isimila, Iringa, saa sita mchana, kwenye zile nguzo za mchanga zilizochongwa na mmomonyoko. Picha si safi kama ambavyo zingekuwa. Mbili zina ule utepe wa mshazari angani, nao unaonekana hata na mtu asiyeujua. Nguzo zenyewe zimetoka vizuri.

Nilikwenda pia na mfuko wenye madini ya risasi niliouagiza kwa mtandao baada ya simu ile ya Dar es Salaam, nikitaraji asifu busara yangu. Aliupima uzito mkononi, akanirudishia. Mkaguzi anayeona bonge jeusi kwenye kioo chake, alisema, haliachi lipite; atalirudisha kwenye mashine au ataufungua mfuko, na mikanda itakuwa imepigwa mara mbili badala ya moja. Afadhali kuitoa kwenye maboksi, kuiweka kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, kufika mapema, na kumwomba ofisa kwa upole aikague kwa mkono. Mdogo wangu anarudi Ulaya mwezi wa tisa, na nimempa mfuko wa plastiki. Ule wa risasi sasa unazuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo.

Mkanda wa pili wa Portra 800, ambao haujakatwa, bado uko kwenye friji nyuma ya siagi. Fundi amesema niupige juani kwanza kisha niupeleke Jumamosi yoyote, ila nimpigie simu kabla sijatoka nyumbani nijue kama umeme upo.